Mamama, vifungo, shitake au wa kichuguu: uyoga gani uweke pembeni ya sato jioni ukiwa na haraka

Mdogo wangu anakaa Buhongwa, hapahapa Mwanza. Juzi kanipigia saa kumi na mbili na nusu jioni, daladala inanguruma nyuma yake, "Dada, nna wageni saa mbili, sato nshanunua, unga upo, sa huo uyoga unaousifiaga kila siku nichukue upi, maana hapa naona aina mbili na bei hazilingani kabisa." Nikamjibu neno moja tu, mamama, kwasababu muda ulikuwa hauruhusu maelezo. Ila swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile, na najua wapo wengi wanaosimama mbele ya friji la supamaketi au meza ya mama mboga wanawaza hivohivo, halafu wanaishia kuchukua kabichi. Kwahiyo naandika hapa yote ninayoyajua, maana uyoga nimeupika miaka sasa na naupenda kwelikweli.

Nikisema mboga ya pembeni namaanisha ile inayokaa kwenye sahani kando ya sato wa kukaanga au sangara wa kuchoma, vijiko viwili vitatu kwa kila mtu, inayopikwa wakati ugali umeshafunikwa unatulia. Siongelei uyoga wa nazi wa kukaa jikoni nusu saa wala supu, hizo tamu pia ila zina siku yake. Hapa naangalia vitu vichache tu: dakika ngapi toka kisu mpaka sahani, unatoa maji kiasi gani, ladha yake inasimama vipi ukikaa na samaki, na kama unapatikana Mwanza bila kuzunguka mji mzima.

Kabla ya kuchagua elewa kwanza habari ya maji, maana makosa karibu yote yanaanzia hapo. Uyoga mbichi ni maji matupu karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake. Ukiurundika wote kwenye kikaango kidogo maji yanatoka kwa mpigo, na maji yakiwepo kikaango hakipandi joto kupita pale maji yanapochemkia, tena kwetu huku ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki hata 100. Ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya mtu aje jikoni kuuliza unapika nini inahitaji joto kubwa kuliko hapo. Kwahiyo uyoga unabaki unajichemsha kwenye maji yake, unakuwa wa kijivu na kuteleza, mgeni anaonja mara moja anasema mi uyoga siupendi. Mi namwambiaga mtu kama huyo subiri kwanza, hujaula bado.

Habari njema ni kwamba uyoga unavumilia moto sana. Mchicha ukiusahau dakika tatu umekwisha, sato ukimsahau anakauka, ila uyoga ukikaa dakika tano za ziada bado unatafunika vizuri, kwasababu mwili wake umejengwa na kitu kinaitwa kaitini, kilekile kilichopo kwenye gamba la senene, na moto wa jikoni haukilainishi ovyo. Kwahiyo usiogope kuuacha. Kinachouharibu ni haraka ya kuugeuzageuza, chumvi ya mapema inayovuta maji nje, na kikaango kilichojaa.

Sasa tuanze na mamama, wengine wanauita oista. Huu ndo ule wenye kofia kama sikio au kama kipepeo aliyefungua mbawa, rangi ya kijivu cheupe, mikunjo ya chini inashuka mpaka kwenye shina, na unaota kwa vishada. Ndo uyoga rahisi kuliko wote kulima mtu akiwa nyumbani, maana hautaki udongo wala samadi, unaota kwenye mabua ya mpunga, pumba, mabaki ya pamba, na Kanda ya Ziwa pamba na mpunga tunavyo. Mama ninayenunua kwake upande wa Kisesa ana kibanda kidogo cha udongo, ndani giza na unyevu, mifuko ya nailoni inaning'inia kwenye fito na uyoga unachomoza kwenye vitundu vya pembeni. Anauchuma asubuhi, na ukiufuata kabla ya saa nne unausikia unavunjika kwa mlio mdogo ukiuchana. Huo mlio mi ndo naufata, sio bei.

Namna ya kuujua mzuri: tazama ukingo wa kofia. Ukiwa bado umejikunja kidogo kuelekea chini, ni mchanga na mtamu. Ukishageuka juu, umekuwa kama mawimbi na una nyufa, umechelewa kuchumwa, unaliwa ila shina lake gumu na ladha imeshapungua. Unga mweupe juu ya kofia za chini usikutishe, hizo ni mbegu zake zimedondoka toka kofia ya juu. Kinachotakiwa kukutisha ni harufu. Mamama mzima unanukia kidogo tu, kitu kama mti uliolowana, ukizeeka unanuka kama samaki aliyelala, basi hapo acha. Na ute. Kuna mwaka nilinunua pakiti duka moja hapa mjini, imefungwa nailoni vizuri inang'aa, sikugeuza chini kuangalia, nafika nyumbani wageni wameshakaa nafungua nakuta chini yote ni utelezi wa njano, nusu nzima nikatupa na siku hiyo watu wakala sato na chumvi. Tokea hapo nageuza kila pakiti, nikiona matone ya maji yamejikusanya kwa ndani naiacha hata kama ni ya mwisho.

Kupika kwake ndo sababu nilimjibu mdogo wangu vile. Kata kile kitako kigumu cha kishada, kofia zilizobaki zichane kwa mkono kufata nyuzi zake, vipande vya upana wa vidole viwili, kisu hata hakihitajiki. Usiuoshe kwa kuuzamisha kwenye beseni, ile mikunjo ya chini inashika maji kama sponji, futa kwa kitambaa chenye unyevu inatosha maana haujagusa udongo. Kikaango kipana, mafuta ya alizeti kijiko kimoja na nusu kwa robo kilo, moto mkali, na kama ni jiko la mkaa basi mkaa uwe umeshakolea mwekundu wote na kikaango kimekaa juu yake tupu kama dakika mbili. Tandaza uyoga uwe safu moja. Halafu uache. Hapa ndo pagumu kwa watu, mkono unawasha kushika mwiko, ila uache dakika mbili mpaka tatu kamili, utasikia sauti inabadilika, mwanzo ni chwaaa ya maji, baadae inakuwa kavu, inapasukapasuka kidogokidogo. Sauti ikikauka ndo geuza. Dakika mbili nyingine, weka vitunguu swaumu punje mbili ulizoponda, pilipili mbuzi kipande kama mnapenda, chumvi, koroga nusu dakika, zima, kamulia ndimu. Jumla ni dakika saba, nane ukichelewa. Vile vikingo vyembamba vinakuwa vikavu na kuvunjika mdomoni, katikati panabaki laini, na ukikaa pembeni ya sato ladha yake haigombani na samaki.

Upungufu wake? Haukai. Leo na kesho, kesho kutwa kwa shida hata ukiwa na friji. Na unanywea sana, robo kilo inayojaza bakuli inatoka sahani ndogo ya watu wawili watatu, kwahiyo kama ni watu sita nunua nusu kilo na upike kwa awamu mbili, usijaribu kuibana yote kwa pamoja.

Vifungo sasa. Ule mdogo wa duara, mweupe, unaoonekana kwenye picha za piza. Kitu wengi hawajui ni kwamba vile vyeupe, vile vya kahawia, na ile mikubwa kama sahani ya chai inayoitwa potobelo ni uyoga wa aina moja kabisa, tofauti ni rangi na umri tu. Kwahiyo ukikuta vya kahawia vina bei ya juu ujue unalipia ladha iliyokolea kidogo na maji pungufu kidogo, mi naona inastahili kama ziada siyo kubwa, ila usiambiwe ni uyoga mwingine. Bei yake kuwa juu huku kwetu ina maana yake, vifungo vinataka mboji iliyoandaliwa kwa uangalifu na chumba cha ubaridi wa nyuzi 16 mpaka 18 vinapochomoza, na Mwanza ubaridi huo mpaka uununue kwa umeme. Mamama unavumilia hali yetu vizuri zaidi.

Kwenye kikaango vifungo vinachosha kidogo kwasababu vimenenepa, maji yamejificha katikati. Vikate vinne vinne, siyo vipande vyembamba kama karatasi maana vinapotea kabisa, moto mkali uleule, ila hapa tegemea dakika kumi na mbili. Dakika nne za kwanza vinatoa maji, utaona dimbwi na utadhani umeharibu, hujaharibu, acha likauke lenyewe bila kumwaga maana ladha imo humo. Likishakauka ongeza mafuta kijiko cha chai au siagi kipande, siagi iingie mwishoni hivyo kwasababu ikianza mwanzo inaungua. Hapo ndo rangi inakuja haraka, na ukiikosa hiyo dakika ya mwisho umekosa kila kitu. Ladha yake ni nzito, ya nyama zaidi kuliko mamama, na faida yake kubwa ni kwamba haipotei ikipoa. Kama unajua wageni wako ni wa kuchelewa, vifungo vinakaa mezani nusu saa bado vitamu, mamama ukipoa unalegea na ule ukavu wa pembeni unaisha. Pia kwenye friji, ukiviweka kwenye mfuko wa karatasi badala ya nailoni, vinafika siku nne tano bila shida.

Vile vya kopo vimeshaiva kwenye maji ya chumvi. Vioshe, vikaushe kwa kitambaa hasa, vikaange dakika tano na vitunguu, chumvi usiongeze. Vinasaidia siku ambayo hakuna kingine, ila mwenye uwezo wa kupata mamama mbichi sioni kwanini achukue kopo.

Nilivipika vyote viwili siku moja, Jumapili, majiko mawili kwa pamoja, maana mama mkwe alikuja toka Magu na mi nilitaka kusikia mtu ambaye hajasoma chochote kuhusu uyoga wa dukani anasemaje. Aliingia, "Mwadila mayu," tukasalimiana, akavuta kigoda akakaa palepale jikoni akiangalia. Nikampa sahani mbili, kijiko cha huu na kijiko cha ule, na kipande cha ugali wa muhogo. Alikula kimya. Halafu akaniambia, "Mwanangu, huu mwembamba una meno, huu mnene una mchuzi ndani." Mpaka leo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo. Akamaliza mamama wote, vifungo akabakiza viwili. Ila nilivyomuuliza upi mzuri akasema wote wageni kwake, yeye uyoga anaoujua ni wa kichuguu, na macho yake yalivyosema hivyo nikajua lazima nirudi huko kwenye maandishi haya.

Kwanza nimalize vikavu. Shitake iliyokaushwa inapatikana kwenye supamaketi kubwa, rafu ya vyakula vya Kichina, kofia za kahawia zimepasuka juu kama udongo wa kiangazi. Kama swali lako ni mboga ya haraka, shitake peke yake siyo jibu. Inataka iloekwe kwenye maji ya moto nusu saa, shina lake ni gumu halilainiki hata ukilichemsha, likate, na ni lazima iive vizuri mpaka ndani kwasababu ikiliwa mbichi au nusu mbichi kuna watu wanatokwa na upele wenye mistari mwili mzima kama wamechapwa viboko. Hilo sio la kutisha watu, ni sababu tu ya kutofanya haraka nayo.

Ila nisikilize hapa, maana hiki ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote. Yale maji uliyoloekea shitake usimwage. Huko Japani mwaka 1908 Kikunae Ikeda aligundua kwenye mwani kile kiini cha utamu wa mchuzi ambao siyo chumvi wala sukari, kiini hichohicho kipo kwa wingi kwenye nyanya iliyoiva. Mwaka 1957 Akira Kuninaka akagundua kwamba kwenye shitake kavu kuna kiini kingine, na vikikutana viwili hivi utamu haujumlishwi tu, unazidishwa. Aina ya tatu ya kiini cha namna hiyo iko kwenye samaki mkavu. Sasa fikiria, samaki mkavu sisi tunaye, Mwaloni pale Kirumba dagaa wamejaa magunia kwa magunia. Chukua dagaa wakavu kiganja kimoja, toa vichwa, wakaange kidogo bila mafuta mpaka wanukie, shitake tatu zilizolowa na kukatwa vipande vyembamba, nyanya moja imeiva hasa, vijiko vitatu vya maji ya shitake, funika, dakika nane. Mboga ndogo kabisa hiyo, vijiko viwili kwa mtu, na ugali wa dona unaisha kabla ya samaki. Mara ya kwanza niliipika nikaonja nikarudia kuonja nikidhani kuna kitu nimeweka nikasahau.

Kwahiyo shitake mi naihesabu kama kiungo. Pakiti moja inakaa kabatini miezi, na hata ukipika mamama, kijiko kimoja cha maji yake kikidondoshwa kwenye kikaango dakika ya mwisho kinabadilisha sahani nzima.

Uyoga wa masikio, ule mweusi mkavu unaofanana na ngozi, hauna ladha yake yenyewe, una mlio tu mdomoni. Unavimba mara kadhaa ukilowa kwahiyo loweka kidogo, nusu saa, kisha dakika nne kwenye vitunguu na siki. Usiuache kwenye maji kutwa nzima kwenye joto letu hili, bakteria wabaya wanazaliana humo na sumu yao haitoki kwa kupika.

Wa kichuguu. Huu kuulinganisha na wa dukani ni kama kulinganisha sato wa asubuhi kwenye mtumbwi na wa friji. Mchwa ndo wakulima wake. Chini ya kichuguu wanatafuna majani na miti mikavu, wanatengeneza vitanda kama sponji, uyoga unakua humo na wao wanaula, na mvua za kwanza zikinyesha vizuri baada ya kiangazi unachomoza kwa juu na mzizi mrefu unaoenda mpaka kule chini. Kuna aina yake moja inayopatikana Zambia na kwingine Afrika ambayo kofia inakaribia mita moja kwa upana. Na kwa sababu unategemea mchwa hakuna anayeulima kwenye mifuko, unausubiri mvua tu, ndo maana barabarani ukitoka mjini utaona watoto wameuweka kwenye beseni siku chache halafu umepotea mpaka msimu mwingine. Mama mkwe anasema utotoni walikuwa wanaamka alfajiri baada ya radi, kila mtoto anajua kichuguu chake, na hasemi kwa mwenzie.

Kwa ladha unashinda wote, mi sibishani na mama mkwe hata kidogo. Nyama yake ina nyuzi kama kuku, harufu yake inajaza nyumba. Kwa haraka unashindwa: una udongo, mzizi unataka kukwanguliwa kwa kisu, kuoshwa maji mawili matatu, kuchemshwa dakika kumi, halafu ndo ukaangwe na kitunguu na karanga za kusaga vijiko viwili. Ukihesabu vizuri ni dakika 40. Siku ya kazi hapana. Jumamosi ya mvua, ndiyo, tena uache kila kitu ukapike huo.

Na hapa naomba niseme kwa uzito. Uyoga wa porini nunua au chuma na mtu aliyekulia akiula, anayeujua kwa jina na kwa kichuguu chake, sio mtu anayekisia. Vipimo vya mitaani vyote ni vya uongo: kijiko cha fedha kubadilika rangi, kitunguu swaumu kuwa cheusi, konokono kuugusa, hakuna hata kimoja kinachojua sumu. Ile sumu mbaya kuliko zote haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika. Na ubaya wake mwingine inachelewa, mtu anakula usiku analala vizuri, kuharisha na kutapika kunaanza baada ya saa 6 mpaka 12 au hata zaidi, kisha anapata nafuu anadhani amepona kumbe ini ndo linaharibika. Akianza kuumwa asisubiri nafuu, hospitali moja kwa moja, na mabaki ya uyoga abebe. Kuna huu mwingine unaota kwenye majani ya bustani hata mjini, mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia juu, watoto wanaudhania ni wa kichuguu. Ukikomaa chini yake panakuwa na rangi ya kijani. Huo unatapisha vibaya mno. Usichume kwenye bustani.

Sasa kuchagua. Siku ya kazi, saa moja kasoro, samaki yuko tayari, chukua mamama na usiwaze mara mbili. Wageni hawajulikani watafika saa ngapi, chukua vifungo, vya kahawia kama vipo. Hakuna uyoga mbichi popote na ndani kuna dagaa, shitake tatu zinakutosha. Mvua imenyesha, Jumamosi, na kuna mtu unayemwamini ameleta kwenye ungo, achana na vyote hivyo.

Na sato wa kukaanga ni mamama wa ndimu, mafuta kwa mafuta yanataka kitu kikali kidogo. Sangara wa kuchoma amenenepa mwenyewe, vifungo vyenye pilipili vinamfaa zaidi. Wali na maharage, mamama tena ila ongeza binzari nyembamba kidogo. Watu wa Bukoba wakija nyumbani na ndizi zimepikwa, nawawekea ule wa dagaa na shitake na hawajawahi kubakiza. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai ya jioni, hapo sijaona uyoga unaoingia, nimejaribu mara mbili nikaacha.

Kitu kimoja zaidi cha bure. Ukirudi na uyoga wako mchana, wa mamama au vifungo, ukate, ugeuze mikunjo iangalie juu, uweke juani kama nusu saa hivi saa saba saa nane. Uyoga unatengeneza vitamini D ukipigwa na jua kama ngozi yetu inavyofanya, na jua la Mwanza halijawahi kuwa la shida. Tena unakauka kidogo juu, kikaango kinashika rangi haraka zaidi. Funika na chandarua cha chakula tu, nzi wanajua kitu kizuri.

Mdogo wangu alinipigia tena usiku saa nne. Alichukua nusu kilo, akapika kwa awamu mbili, awamu ya kwanza akaikoroga mapema ikachemka, ya pili akaiacha, na mgeni mmoja kamuuliza kama hiyo sahani ya pili ni nyama gani. Akaniuliza uliobaki wa awamu ya kwanza aufanyeje. Nikamwambia aurudishe kikaangoni asubuhi, bila mafuta, moto mkali, mpaka ile sauti ikauke, halafu apasulie mayai mawili juu yake.